Pedali ya oktava kwenye gitaa la besi: kwa nini inakoroma, na sauti ya sinthesaiza inapatikanaje

Wapiga besi wengi wanaonunua pedali ya oktava, kisanduku cha kukanyaga kinachotoa noti unayopiga ikiwa chini zaidi, huanza na jambo lile lile. Wanachomeka waya, wanafungua nobu zote hadi mwisho, kisha wanapiga uzi wa E ukiwa wazi wakitarajia besi ya kutikisa ukuta. Kinachotoka ni mkoromo. Noti inaanza, inaruka juu, inarudi chini, halafu inakatika kabla ya wakati wake. Haupiti muda pedali inauzwa kwa hasara, na mwenyewe anabaki akiamini kwamba ile besi nzito, laini, iliyonyooka anayoisikia kwenye rekodi haiwezi kutoka kwenye nyuzi.

Inaweza, tena kwa pedali hiyo hiyo. Kazi ya pedali ya oktava ni moja, kuhesabu mawimbi, na karibu kila kinachoharibika huharibika kwa sababu mpigaji ameipelekea mawimbi yasiyohesabika. Ndiyo maana ule ushauri wa "weka nobu hii hapa, na ile pale" hausaidii sana peke yake. Mikono ikishajua pedali inatafuta nini, nobu hubaki na kazi ndogo.

Inahesabu nini

Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka kwa hezi 41.2, yaani mara 41.2 kwa sekunde. A ni hezi 55, D ni 73.4, G ni 98. Kushuka oktava moja ni kugawa kwa mbili: E inakuwa 20.6, A 27.5, D 36.7 na G 49.

Pedali za analogi hufanya mgawanyo huo kwa njia nyepesi ajabu. Sakiti hupokea wimbi kutoka kwenye pikapu, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, huchuja sauti za juu, kisha hutafuta alama moja inayojirudia katika kila mzunguko wa wimbi, kwa kawaida kilele chake. Kila kilele kinapopita, swichi ndogo ya kielektroniki hugeuka: kilele cha kwanza inawaka, cha pili inazima, cha tatu inawaka tena. Ni kama konda aliyesimama mlangoni akipiga alama kwa kila abiria wa pili. Wakiingia abiria arobaini, alama ni ishirini. Swichi hiyo huwaka na kuzima mara moja kwa kila mizunguko miwili ya uzi, na hapo oktava ya chini imepatikana. Ukirudia mgawanyo huo mara nyingine, unashuka oktava mbili.

Pedali ya Boss OC-2, iliyotoka mwaka 1982 na kuendelea kutengenezwa hadi 2003, ndiyo iliyowazoesha wapiga besi wengi sauti hii. Ina nobu tatu tu: ya oktava mbili chini, ya oktava moja chini, na ya sauti halisi ya gitaa. Uzuri wake umo katika jambo dogo la ndani. Swichi yake huligeuza wimbi la gitaa lenyewe juu chini, mzunguko mmoja ndiyo, mwingine hapana, kwa hiyo oktava inayotoka bado inafuata nguvu ya kidole chako. Ukigusa uzi kwa upole inakuwa ndogo, ukiupiga kwa nguvu inakua, uzi ukififia nayo inafifia. Mpiga besi Pino Palladino aliipiga hivyo pamoja na besi isiyo na freti (vijiti vya chuma vinavyogawa shingo) katika miaka ya 1980, na hadi leo pedali mpya za oktava hupimwa kwa kulinganishwa na ile ya kahawia ya zamani. Boss wenyewe, walipotoa OC-5 mwaka 2020, waliweka ndani yake swichi ya kurudi kwenye sauti hiyo.

Sasa mtazame tena yule aliyepiga E ikiwa wazi. Uzi hautetemeki kwa namna moja. Unatetemeka wote kwa pamoja, na wakati huo huo unatetemeka nusu kwa nusu, theluthi kwa theluthi, robo kwa robo. Ndani ya E ya hezi 41.2 mna pia 82.4, na 123.6, na 164.8, na kuendelea. Hizo ndizo harmoniki, na ndizo zinazotufanya tutofautishe besi na filimbi. Kwenye noti za chini kabisa, hasa nyuzi zikiwa mpya na kidole kikiwa karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), ile ya 82.4 mara nyingi huwa na nguvu kuliko 41.2 yenyewe. Wimbi linakuwa na vilele viwili ndani ya mzunguko mmoja. Pedali inavihesabu vyote, inagawa kwa mbili, na kukurudishia 41.2 badala ya 20.6. Muda mfupi baadaye harmoniki imepungua nguvu, kile kilele cha ziada kimetoweka, hesabu inakaa sawa, na noti inaanguka oktava nzima. Mkoromo ndio huo.

Mwisho wa noti una shida yake. Uzi unapofifia, vilele vinakaribia kiwango cha chini ambacho sakiti inaweza kukiona. Vingine vinahesabiwa, vingine vinarukwa, na unasikia mikwaruzo na kukatikakatika kabla ya kimya.

Halafu kuna suala la muda. Mzunguko mmoja wa E ya chini huchukua takriban milisekunde 24. Kwenye besi ya nyuzi tano, B ya chini huchukua 32. Pedali inayotaka kujua noti yako ni ipi inabidi isubiri walau mzunguko mmoja uishe, iwe ya analogi au ya dijitali, ya bei ndogo au ya bei ya kuuza pikipiki. Mpiga ngoma aliye makini anaisikia subira hiyo kama besi inayoburuzika nyuma ya kiki, ile ngoma ya mguu.

Panda juu ya shingo

Piga E kwenye freti ya 7 ya uzi wa A. Uzi sasa unatetemeka kwa hezi 82.4, na mzunguko wake ni milisekunde 12, nusu ya ule wa mwanzo. Funga kabisa nobu ya sauti halisi, fungua ile ya oktava moja chini. Unachosikia ni hezi 41.2: ile ile E ya chini ambayo spika yako inaiweza na bendi yako imeizoea. Ila imetoka bila kishindo cha uzi mnene, bila mlio wa chuma, imejaa katikati na kingo zake ni laini. Pedali imehesabu haraka na haijababaika, kwa sababu uzi wa A katika eneo lile hutoa noti yenye msingi wenye nguvu.

Natamani kila anayenunua pedali hii aambiwe jambo hilo dukani kabla hajatoa hela. Pedali ya oktava ni chombo cha kupiga juu ili usikike mahali pako pa kawaida. Ukiitumia kushuka chini ya besi unaitoa kwenye eneo lake, unaitoa spika yako kwenye eneo lake, na unalitoa sikio la msikilizaji pia, kwa sababu hezi 20 ndipo kusikia kwa binadamu kunapoanzia.

Eneo zuri ni kati ya D ya hezi 73.4 na D ya 146.8. Kwenye shingo maana yake ni uzi wa A kuanzia freti ya 5 hadi ya 12, uzi wa D wote hadi freti ya 12, na uzi wa G hadi freti ya 7. Chini ya hapo, hadi karibu na C kwenye freti ya 3 ya uzi wa A, unaweza kuiba noti moja moja ukipiga kwa uangalifu. Chini zaidi, zima. Juu ya hapo ndipo nobu ya oktava mbili inapopata maana: G kwenye freti ya 12 ya uzi wa G ni hezi 196, ukishuka oktava mbili unapata 49, nayo ni G ya kawaida ya besi. Nobu hiyo ukiifungua huku unapiga chini ya freti ya 5, unaipelekea spika mtetemo ambao hakuna mtu ukumbini atakayeusikia. Wenye nyuzi tano wafikirie hivi: B ya chini ikishushwa oktava moja ni hezi 15.4.

Ugumu wake ni wa vidole. Wengi tumejifunza mistari yetu kwenye freti nne za kwanza, na mkono unakimbilia huko wenyewe. Chukua mstari mmoja unaoujua ukiwa usingizini, uhamishie oktava moja juu, na upige sauti ya pedali peke yake bila sauti halisi. Mwanzoni akili inachanganyikiwa, maana macho yanaona mkono uko juu na sikio linasikia chini. Endelea mpaka mkanganyiko uishe. Sauti halisi utairudisha baadaye, kidogo tu, ikihitajika.

Mikono kabla ya nobu

Pedali inataka noti moja kwa wakati mmoja, yenye msingi mnene na harmoniki chache. Kila unachofanya kwenye gitaa kipimwe kwa hilo.

Fungua pikapu ya karibu na shingo, punguza au funga ile ya karibu na daraja. Kwenye besi ya mtindo wa Jazz Bass, yenye pikapu mbili, mabadiliko utayasikia papo hapo. Besi ya mtindo wa Precision ina pikapu moja, nayo hufanya kazi hii vizuri ilivyo. Teremsha nobu ya toni hadi nusu au chini zaidi. Usiogope kupoteza mng'ao, tutaurudisha baada ya pedali. Piga kwa nyama ya kidole, mbele ya pikapu, kuelekea shingo. Nyuzi zilizozeeka au zile zenye uso bapa hufuatwa vizuri kuliko nyuzi mpya za mviringo, na kama besi yako ina nyuzi zilizotoka kwenye pakiti jana, tegemea ukaidi kidogo.

Kuzima nyuzi nyingine ndipo wengi wanapoanguka bila kujua. Ukipiga D kwenye freti ya 5 ya uzi wa A, uzi wa D ulio wazi pembeni unaitikia wenyewe kwa sababu ni noti ile ile. Bila pedali ni mguso mzuri tu. Mbele ya pedali ni mawimbi mawili yanayotofautiana kidogo, na hesabu inavurugika. Kidole gumba cha kulia kiegemee nyuzi za chini, kikihama kadiri unavyopanda. Vidole visivyotumika vya kushoto vilale juu ya zile za juu. Tekeleza hilo peke yake na nusu ya malalamiko kuhusu pedali yako yatakwisha.

Kupiga kwa kofi, noti za kuzima zinazotoa "tk" tu, na kodi (noti zaidi ya moja kwa pamoja) za vidole viwili, vyote viache nje. Upande wa pili, kuna mambo ambayo pedali inayapenda kuliko gitaa lenyewe linavyoyapenda. Kuteleza kutoka noti hadi noti, kugonga noti ya pili kwa kidole cha kushoto bila kupiga tena, kuvuta: hesabu haikatiki, na sauti inasogea kwa ulaini ambao mpiga kinanda anaupata kwa kubonyeza kitufe maalumu.

Na urefu wa noti. Kwenye kinanda noti inaisha pale kidole kinapoinuka, wazi kabisa. Noti ya gitaa inafifia, na tumeshaona kufifia kunailetea pedali matatizo gani. Kwa hiyo katiza noti kwa mkono wa kushoto kabla haijafika mkiani: legeza kidole, uzi unyamaze. Mikwaruzo ya mwisho itatoweka, na bila kugeuza nobu yoyote mstari utaanza kusikika wa sinthesaiza. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na hapagharimu shilingi.

Kutoka oktava hadi sinthesaiza

Oktava peke yake inatoa unene. Anayetaka sauti ya sinthesaiza kamili aelewe kinanda chenyewe kinafanyaje. Minimoog, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 na ambayo besi yake imeigwa kuliko karibu nyingine yoyote, ina hatua tatu. Kwanza vizalishaji vitatu vya mawimbi yaliyojaa harmoniki. Kisha filta inayokata harmoniki hizo kutoka juu, ikifunguka na kufunga kila noti inapopigwa. Mwisho, sehemu inayoamua noti inapandaje na inaishaje. Ile sauti ya "waau" fupi mwanzoni mwa noti ni filta ikijifunga.

Msururu wa pedali unajenga hatua hizo hizo. Oktava inatoa msingi. Lakini msingi huo, hasa baada ya kuteremsha toni, una harmoniki chache, na filta ikikosa cha kukata haisikiki. Kwa hiyo katikati panakaa fazi, ile pedali ya kukwaruza sauti: inalikata wimbi juu na chini mpaka linakaribia umbo la mraba, na wimbi la mraba lina harmoniki tele za namba witiri, ya tatu, ya tano, ya saba. Baada ya fazi inakuja filta inayofunguka kwa kufuata nguvu ya kidole. Mkono wako wa kushoto unakata noti. Umeshapata kinanda.

Mpangilio basi ni gitaa, oktava, fazi, filta, na mwishoni kompresa, pedali ya kusawazisha nguvu za noti, ikihitajika. Oktava kutangulia halina mjadala mkubwa: ukitanguliza fazi, unaipelekea pedali yenye kuhesabu wimbi lenye vurugu. Kompresa nyepesi kabla ya oktava inakubalika, inasaidia noti kudumu, mradi usiikaze hadi inaleta kelele za waya.

Kuna mgongano mmoja ambao watu huuchukulia kuwa ubovu wa filta. Fazi husawazisha nguvu: noti laini na noti kali zote zinatoka sawa. Filta nayo inategemea tofauti hiyo ili ijue ifunguke kiasi gani. Ikiwa baada ya fazi, inafunguka vile vile kila wakati, au inakwama wazi. Njia mojawapo ni kupunguza fazi mpaka ibaki na uhai kidogo, au kutumia fazi yenye nobu ya kuchanganya sauti safi. Njia nzuri zaidi ni filta yenye tundu la kutoka na kuingia, kama Q-Tron+ ya Electro-Harmonix: fazi inachomekwa ndani ya tundu hilo, filta inasoma nguvu ya kidole kutoka kwenye sauti iliyoingia mwanzo, halafu inakata sauti iliyokwaruzwa. Ukisikia tofauti yake hutarudi nyuma.

Wasiotaka kubeba pedali nne wana pedali zinazokusanya yote. Bass Micro Synth ya Electro-Harmonix inachukua uzi wako mwenyewe, inaupa oktava ya chini, oktava ya juu na wimbi la mraba, kisha inavipitisha kwenye filta ambayo wewe unaipangia ianzie wapi na iishie wapi. Telezi yake (nobu ya kusukuma) ya kuamsha filta ndiyo ya kushughulikiwa kwanza: ipandishe polepole huku ukipiga noti laini kuliko zote utakazopiga jukwaani, simama pale filta inapoanza kuitikia kila noti bila kukosa. Ukizidisha itaamka mara mbili kwa noti moja. Usiguse telezi nyingine kabla hii haijakaa.

Aina nyingine hutambua noti yako na kukupigia wimbi lake yenyewe. Akai Deep Impact SB1 ya miaka ya 1990 ilikuwa ya aina hiyo. Chris Wolstenholme, mpiga besi wa bendi ya Muse, aliipa umaarufu, na Future Impact ya leo imefuata nyayo zake. Sauti yake ni ya kinanda halisi, lakini ukikosea noti inakosea nawe kwa sauti kubwa na safi, na masharti ya usafi wa mkono yanabaki yale yale. Upande mwingine kuna pedali kama POG ya Electro-Harmonix, iliyotoka mwaka 2005, zinazoshusha sauti yote bila kuhesabu noti moja moja. Hizi hazikoromi, hata kodi zinapita, na kwenye oktava ya juu zinatoa mlio wa ogani unaopendeza sana kanisani. Kwa besi ya kifua, hata hivyo, mimi bado nachukua ile ya analogi. Ina uzito katikati ya noti ambao zile za kodi hazijaufikia.

Spika, ukumbi, na watu wengine wa bendi

Kabati nyingi za besi zenye spika za inchi 10 zinaanza kupoteza nguvu mahali fulani kati ya hezi 40 na 60. Chini ya hapo koni inacheza mbele na nyuma kwa bidii, amplifaya inakula umeme, na sauti haitoki. Ukiona koni inatikisika na husikii kitu, punguza mara moja. Spika hufa hivyo. Kifaa cha kukata sauti za chini kabisa, kikiwekwa kwenye hezi 30 hadi 35 baada ya pedali zote, kinalinda spika na kinaisafisha besi kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Unakata kitu na besi inaonekana imeongezeka.

Sikio nalo linasaidia. Likisikia hezi 82, 123 na 164 kwa pamoja, linajaza lenyewe 41 iliyokosekana. Ndiyo maana fazi kidogo juu ya oktava huifanya besi isikike hata kwenye redio ndogo au simu, mahali ambapo oktava tupu inapotea kabisa. Kiasi cha sauti kinabadilisha mambo pia: kwa sauti ndogo sikio ni zito kwa masafa ya chini, kwa sauti kubwa linayapokea zaidi. Mchanganyiko ulioupanga chumbani usiku ukiwaogopa majirani utakuwa umezidi chini ukifika ukumbini. Panga kwa sauti ya onyesho, na umwombe fundi mitambo akusikilizie kutoka katikati ya ukumbi, kwa sababu mbele ya amplifaya yako mwenyewe huwezi kusikia kinachofika nyuma.

Kwa mwanzo kwenye pedali ya aina ya OC-2, weka oktava moja chini robo tatu, oktava mbili ifungwe, sauti halisi robo. Washa na uzime ukisikiliza ujazo: sauti mbili zikijumlishwa ujazo unapanda, na besi inayoruka juu kila ukikanyaga pedali inaharibu kazi ya fundi mitambo. Shusha zote mbili kwa uwiano mpaka kuwasha na kuzima kukaribiane.

Kisha zungumza na mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto na oktava yako vinagombania nafasi moja, na hakuna nobu ya kusuluhisha hilo. Kwenye bendi za injili hii ndiyo sababu ya kwanza ya besi kuvurumka bila kueleweka. Mmoja aondoke chini: pale unapokanyaga pedali, mkono wake wa kushoto upande juu ya C ya kati au upumzike.

Bendi zinazopiga Bongo Fleva moja kwa moja zina sababu nzuri ya kuwa na pedali hii, kwa kuwa besi ya nyimbo nyingi ilitengenezwa kwenye kompyuta na haikuwahi kuwa na uzi. Zilizochukua amapiano ya Afrika Kusini zina ile besi ya kugonga iitwayo log drum, inayogonga na kuteremka hapo hapo. Kuikaribia kwa gitaa, laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya daraja, piga kwa kidole gumba noti zilizo kati ya freti ya 7 na ya 12, pedali ikiwa na oktava tu, kisha telezesha kidole cha kushoto chini freti mbili au tatu mara baada ya kupiga na uache uzi. Kiganja kinazima harmoniki, kwa hiyo pedali inafuata bila taabu, na mteremko unatoka safi. Acha nafasi kubwa kati ya noti. Log drum inaishi kwenye nafasi zile.

Sebene sijaona ikihitaji kitu hiki. Besi yake ina noti nyingi, za haraka, zinazozungumza na kiki na gitaa la solo, na oktava ya chini inazifunika zote. Ukiwa kwenye bendi ya rumba, weka pedali kwa ajili ya utangulizi wa taratibu au ubeti wa kupumua, na uizime kabla magitaa hayajachemka.

Umeme

Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Hakikisha kabla ya kuchomeka, hasa kwa chaja za kuokoteza. Pedali kadhaa za zamani za Boss zina maandishi ACA chini yake, nazo zilitengenezwa kwa adapta ya aina nyingine. Ukizipa ya kisasa ya volti 9 zinaweza kuwa dhaifu bila kuwa na ubovu. Pedali ya dijitali na ya analogi zikinyonya waya mmoja mara nyingi huleta mlio mwembamba wa juu, na fazi inaukuza. Kisambaza umeme chenye njia zilizotengana kinaondoa tatizo hilo. Betri nayo inafaa kwa oktava ya analogi, kwa kuwa inakula umeme kidogo, na mahali ambapo umeme wa ukumbi unapanda na kushuka ni chaguo la busara.

Studio

Ukienda kurekodi, usipeleke sauti ya pedali peke yake. Gawa waya mara mbili: njia moja iingie moja kwa moja ikiwa safi, nyingine ipite kwenye pedali. Noti moja ikikoroma katikati ya wimbo mzuri, mhandisi anaipitisha ile noti safi kwenye pedali upya, bila wewe kupiga tena. Njia mbili zikikutana, zivute zikae pamoja kwenye programu, kwani ya pedali itakuwa nyuma kwa milisekunde kadhaa. Kisha geuza polariti ya mojawapo (wimbi lake ligeuke juu chini) na usikilize ni upande upi besi inajaa. Chagua huo, na ile njia safi ikate kuanzia hezi 100 kushuka, ili chini pabaki pa oktava peke yake.